Dawa ya Mtu Mmoja na Dai la Watu wa Ziwa

Mwaka 1953, Nairobi ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari, wanaume 30 Waluo waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kumi na watano kati yao walikuwa wamerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Kumi na watano waliosalia hawakuwa nayo. Wote walikuwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa muda mrefu, kwa hiyo kinga yao ilikuwa imefifia. Vimelea viliingizwa mwilini mwao kwa sindano na kwa kuumwa na mbu, kisha damu yao ikawa inapimwa mara kwa mara. Kwa wale wasiokuwa na jeni hiyo, malaria ilishika watu 14. Kwa wale waliokuwa nayo, ilishika wawili tu.

Aliyesimamia jaribio hilo ni Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia shambani karibu na Gilgil. Tangu safari yake ya utafiti ya mwaka 1949 alikuwa akijiuliza kwa nini jeni inayoua watoto imeenea sana pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ikawa haba kwa watu wa nyanda za juu. Jibu alilolichapisha mwaka 1954 linasomeshwa leo katika shule za sekondari kote duniani: anayerithi jeni moja hulindwa dhidi ya malaria kali, na anayerithi mbili huugua selimundu. Huo ulikuwa mmoja wa ushahidi wa kwanza ulio wazi kwamba uteuzi wa asili unaendelea kufanya kazi katika miili ya binadamu wanaoishi. Allison alifariki mwaka 2014 akiwa mtu mashuhuri. Wale wanaume 30 wametajwa vitabuni kwa idadi yao na kabila lao.

Waliitwa wajitoleaji, na huenda kweli walijitolea. Hata hivyo, ridhaa ya Mwafrika mbele ya daktari Mzungu katika mji wenye vizuizi vya barabarani, amri za kutotoka nje na misako ya usiku ni jambo linalostahili kuulizwa maswali kabla ya kukubaliwa. Jambo moja halina ubishi: elimu ya dunia kuhusu ugonjwa huu ina damu ya Waluo ndani yake, na damu hiyo haikulipiwa chochote kinacholingana na faida iliyotokana nayo.

Tarehe 8 Desemba 2023, takriban miaka 70 baadaye, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Casgevy. Uingereza ilikuwa imetangulia wiki tatu kabla. Hii ndiyo tiba ya kwanza iliyoruhusiwa kuuzwa ambayo hutumia mbinu ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR, na ugonjwa uliofungua mlango huo ni selimundu, ule ambao wengi kliniki huuita sikoseli. Madaktari hukusanya seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe na kuzipeleka maabara. Huko hukatwa sehemu moja ya DNA ili mwili urudi kutengeneza himoglobini ya tumboni, ambayo haipindi seli nyekundu zikawa na umbo la mundu. Baadaye seli hizo hurudishwa kwa mwenyewe. Kila dozi ni ya mtu mmoja. Imetoka kwake na haimfai ndugu yake, hata pacha wake asiyefanana naye.

Bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh280 milioni kwa mgonjwa mmoja. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kaunti ya Homa Bay, iliyo kando ya Ziwa Victoria, ilipata takriban Sh7.8 bilioni kama mgao wake kutoka kwa serikali kuu. Pesa hizo zote zingewatibu watu 27, na baada ya hapo kusingebaki senti ya mshahara wa muuguzi, ya barabara, wala ya maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha.

Kuna neno moja kwenye makaratasi ya dawa hii linalohitaji kutazamwa kwa makini. Iliidhinishwa ikiwa na hadhi ya dawa ya ugonjwa adimu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1983 inasema ugonjwa ni adimu ukiwapata watu wasiofikia 200,000 nchini humo, na mwenye kutengeneza dawa ya ugonjwa wa namna hiyo hupewa nafuu za kodi na miaka ya kuuza peke yake. Wamarekani wenye selimundu wanakadiriwa kuwa takriban 100,000. Kwa hesabu yao, basi, ni ugonjwa adimu. Lakini twende Rachuonyo, Ndhiwa, Suba, Rongo na Nyatike, katika kaunti za Homa Bay na Migori. Katika jamii ambamo takriban mtu mmoja kati ya watano amebeba jeni hiyo, kama tafiti za magharibi mwa Kenya zilivyoonyesha mara nyingi, ndoa moja kati ya 25 huwakutanisha wabebaji wawili. Katika ndoa hiyo kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hesabu inafikia takriban mtoto mmoja katika kila watoto 100 wanaozaliwa. Sensa ya 2019 iliwakuta watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Kando ya ziwa, hakuna ukoo usioujua ugonjwa huu, hata kama haujui jina lake.

Uadimu, kwa hiyo, si sifa ya ugonjwa. Ni matokeo ya hesabu, na hesabu ina mwenyewe.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wanafalsafa na wahubiri hawawezi kuwaachia madaktari peke yao. Je, ni haki kutengeneza dawa ya mtu mmoja wakati maelfu hawana hata ya kutuliza maumivu?

Dawa za mtu mmoja zipo, na zimekwenda mbali kuliko Casgevy. Mwaka 2018 mtoto wa Colorado, Mila Makovec, alianza kupewa milasen, dawa iliyobuniwa na timu ya Dkt Timothy Yu wa hospitali ya watoto ya Boston kwa ajili ya kosa la jeni lililopatikana kwake. Hata jina la dawa lilitokana na lake. Ilipunguza mishtuko yake ya kifafa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali, na Mila alifariki mwaka 2021. Kisha mwaka 2025 hospitali ya watoto ya Philadelphia ikatangaza habari za mtoto mchanga, KJ Muldoon, aliyezaliwa Agosti 2024 na ini lisiloweza kuondoa amonia mwilini, kasoro inayokadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya milioni 1.3. Madaktari Kiran Musunuru na Rebecca Ahrens-Nicklas na wenzao walibuni dawa ya kurekebisha herufi moja tu ya DNA yake, wakaitengeneza kwa muda wa miezi sita hivi, na kumpa dozi ya kwanza Februari 2025. Mwezi Juni alirudi nyumbani kwao.

Mtu mwenye moyo hawezi kulichukia tendo hilo. Wakristo wa Homa Bay na Migori wanaijua vyema hadithi ya mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Imehubiriwa katika misheni ya Gendia tangu wamisionari Waadventista walipofika mwaka 1906, na katika parokia za jimbo Katoliki la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993 na linalohudumia kaunti zote mbili. Mafundisho yake yanajulikana: mmoja ana thamani isiyopimwa kwa wingi. Anayesema KJ asingepaswa kutibiwa kwa sababu pesa zile zingenunua vyandarua anafanya kosa la kudhani kwamba mtoto mmoja anaweza kubadilishwa na idadi ya wengine.

Lakini hadithi hiyo ina jambo ambalo wahubiri hulipita haraka. Ili mchungaji ajue kwamba mmoja hayupo, lazima awe amewahesabu wote. Alijua ni 100. Upande wa ziwa, watoto wa selimundu hawajahesabiwa. Kenya bado haimpimi kila mtoto mchanga ugonjwa huu. Upimaji umeanza katika baadhi ya vituo vya magharibi, kwa ushirikiano wa mpango wa afya wa AMPATH na mtandao wa chama cha madaktari wa damu cha Marekani, lakini mtoto anayezaliwa kisiwani Mfangano au kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder huweza kuishi na kufa bila mtu yeyote kuandika ugonjwa wake kwenye daftari. Watafiti wanakadiria kwamba barani Afrika nusu au zaidi ya watoto hawa hufa kabla ya kutimiza miaka mitano wasipotambuliwa mapema. Wengi huandikwa kuwa wamekufa kwa malaria, nimonia au upungufu wa damu. Wengine hawaandikwi kabisa.

Na pale ambapo hesabu haipo, maelezo mengine hujaza nafasi.

Zamani familia ya Kiluo iliyozika watoto mfululizo ilikuwa na namna yake ya kupambana na kifo. Mtoto aliyefuata aliwekwa nje, njiani, kana kwamba ametupwa. Mwanamke mwingine akapita, akamwokota na kumrudisha. Mtoto akaitwa Owiti au Awiti, na kifo kikadanganywa kwamba hakuna mwenye haja naye. Vifo hivyo vya mfululizo vilikuwa na sababu nyingi, lakini anayejua hesabu ya robo atashuku kwamba baadhi ya akina Owiti walizaliwa na wabebaji wawili, nao wakawa wale waliobahatika kutorithi jeni mbili. Desturi hiyo ilikuwa ya huzuni, lakini ilikuwa na huruma ndani yake: haikumlaumu mzazi.

Chira inalaumu. Kwa imani hiyo, mwili unaodhoofika bila sababu ya wazi ni adhabu ya mwiko uliovunjwa: nyumba iliyojengwa bila kufuata utaratibu, mbegu zilizopandwa kabla ya mkubwa, kitanda kilichokiukwa. Miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI ulisomwa hivyo katika vijiji vingi vya Nyanza Kusini, na wajane wakalipia. Mtoto wa selimundu naye husomwa hivyo. Vidole vinavimba kabla hajatimiza mwaka, macho yanageuka manjano, tumbo linajaa upande wa kushoto kwa sababu bandama imefura, na usiku analia kwa maumivu ya mifupa ambayo hayaonekani kwa nje. Mara nyingi anayeulizwa alifanya nini ni mama, ingawa jeni mbili haziwezi kukutana bila ya baba kutoa yake.

Makanisa nayo hayajawa salama katika jambo hili. Migori ndiko uliko mlima Got Kwer, mahali patakatifu pa Legio Maria, kanisa lililochipuka miaka ya 1960 na ambalo mwanzilishi wake, Simeo Ondeto, alizikwa huko mwaka 1991. Watu hupanda mlima huo kwa maombi ya uponyaji, na hakuna sababu ya kuwadharau. Aliyekesha na mtoto anayelia kwa maumivu hadi alfajiri anajua kwa nini mtu hupanda mlima. Shida huanza pale mhubiri wa kanisa lolote, la kale au la juzi, anapomwambia mzazi aache dawa ili aonyeshe imani, au anapotafuta dhambi iliyoleta ugonjwa. Injili ya Yohana ina kisa cha kipofu wa kuzaliwa ambapo wanafunzi waliuliza nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, na wakajibiwa kwamba si yeye wala si wao. Nao Waislamu wa Kendu Bay, ambao mji wao una msikiti wa siku nyingi, husomeshwa kwamba Mungu hakuteremsha maradhi bila kuteremsha dawa yake, na kwamba kuitafuta ni sehemu ya utiifu.

Elimu ya jeni inaongeza kitu ambacho wahubiri wangekifurahia kama wangekijua. Jeni hii haikuenea kando ya ziwa kwa sababu ya laana. Ilienea kwa sababu iliokoa. Katika utafiti uliofanywa Asembo, kaunti jirani ya Siaya, na kuchapishwa mwaka 2002, watoto waliorithi jeni moja walikuwa na kinga kubwa dhidi ya kifo katika miezi ile ambayo malaria huua zaidi. Babu aliyepona malaria mwaka 1920 akiwa mchanga aliipitisha jeni hiyo kwa mwanawe, mwanawe akaoa binti wa babu mwingine aliyepona vivyo hivyo, na mjukuu akapokea zote mbili. Anayetaka kuuliza kwa nini Mungu aliruhusu mtoto huyu ateseke hatapata jibu jepesi hapo, na si kazi ya makala kumpa. Ila atajua kwamba mtoto huyo anabeba, kwa uchungu wake, gharama ya uhai wa wengine wengi waliomzunguka. Huyo si mtu wa kunyooshewa kidole. Ni mtu ambaye jamii nzima inamdai radhi na matunzo.

Wapo wanaouliza kama kuhariri jeni ni kujifanya Mungu. Ni swali la haki, na jibu lake linategemea ni jeni za nani zinazoguswa. Casgevy na dawa ya KJ hubadilisha seli za mwili wa mgonjwa. Hazikusudiwi kugusa mbegu za uzazi, na mabadiliko yake huishia kwa mgonjwa huyo. Jambo hilo ni tofauti kabisa na alilolifanya He Jiankui wa China, aliyetangaza mwaka 2018 kwamba amehariri viinitete vilivyozaliwa kuwa watoto pacha, akalaaniwa na wanasayansi wenzake na kufungwa jela miaka mitatu. Kanisa Katoliki, katika hati ya mwaka 2008 iitwayo Dignitas Personae, liliweka mpaka hapo hapo: kutibu mwili wa mgonjwa kwa jeni ni halali kimsingi, kugusa urithi wa vizazi vijavyo hapana, angalau kwa hali ya sasa ya elimu. Kwa watu wa ziwa mpaka huo una maana ya ziada. Malaria haijaondoka Homa Bay wala Migori. Kuifuta jeni ya selimundu katika ukoo mzima leo kungewavua watoto ngao waliyoirithi kabla mbu hajashindwa.

Swali zito zaidi, na ambalo husikika kwa nadra katika mijadala ya nje, ni la uzazi. Kabla ya kurudishiwa seli zake zilizohaririwa, mgonjwa hupewa kemotherapi kali ya busulfan ili kuusafisha uboho wake, na dawa hiyo inaweza kumwacha tasa. Hulazwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Mwambie kijana wa miaka 19 wa Kabondo au Uriri kwamba maumivu yataisha lakini huenda asipate mtoto, na umemwekea mbele uamuzi ambao bei yake haipimwi kwa dola. Katika jamii ambamo jina la marehemu hurudi kupitia mtoto, ambamo mwanamke asiyezaa huulizwa habari zake kabla hajaketi, dawa inayokomboa mwili inaweza kumfungia mtu mlango wa ukoo. Kwa hiyo hata kama Casgevy ingeletwa bure kesho, isingekuwa jibu kamili kwa mahali hapa. Tiba inayofaa ziwa ni ile inayoweza kudungwa mshipani bila kemotherapi, kama ya KJ ilivyodungwa. Mwaka 2019 taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, na wakfu wa Gates waliahidi dola milioni 100 kila upande kutafuta tiba za jeni za namna hiyo kwa selimundu na VVU, kwa sharti kwamba ziweze kutumika katika nchi maskini. Ahadi hiyo inapaswa kudaiwa.

Na neno kudai ndilo hasa lililoshughulikiwa na mwanafalsafa aliyetoka katika ardhi hii hii ya ziwa. Henry Odera Oruka, aliyezaliwa Ugenya mwaka 1944 na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, anajulikana zaidi kwa utafiti wake kuhusu hekima ya wazee. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 aliandika juu ya misaada ya kigeni, akapinga wazo kwamba tajiri humpa maskini kwa hisani. Alisema kila binadamu ana haki ya kiwango cha chini: usalama wa mwili, afya na riziki. Bila hivyo mtu hawezi kufanya kazi kama mtu, wala kuheshimu haki za wengine. Haki hiyo, kwa Oruka, haiishii kwenye mpaka wa nchi.

Baadaye alilisogeza wazo hilo mbele kwa mfano wa familia. Watoto wa wazazi wamoja wametawanyika. Wengine wametajirika, wengine ni hohehahe. Tajiri anaweza kusema alifanikiwa kwa jasho lake, na kweli alitoa jasho. Lakini alianza na kile ambacho familia nzima ilichangia, na kwa hiyo anadaiwa. Ndugu maskini anapodai chakula na tiba haombi. Anakumbusha deni, na ukoo wote unaaibika mmoja wao akifa njaa huku mwingine akimwaga.

Ukiishika hoja hiyo na kuiweka karibu na wale wanaume 30 wa mwaka 1953, mambo yananyooka. Kampuni zilizotengeneza Casgevy zilitoa jasho, na wanasayansi walioibuni mbinu ya CRISPR walistahili tuzo ya Nobel ya mwaka 2020. Hakuna anayewapokonya. Ila ugonjwa walioutumia kufungulia biashara mpya ulieleweka kwa sehemu kwa damu iliyochotwa Afrika Mashariki, na usalama wa dawa yenyewe hauwezi kujulikana bila damu hiyo. Mwaka 2023 watafiti wa Boston walichapisha matokeo yaliyopaswa kuwashtua wengi: kielekezi kile kile kinachotumika katika Casgevy kuonyesha mahali pa kukata DNA kinaweza, katika seli za baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, kukata pia mahali pasipokusudiwa, kwa sababu ya tofauti moja ya DNA iliyo ya kawaida kwao na nadra kwa wengine. Haikuonyeshwa kwamba kuna aliyedhurika. Lakini tofauti hiyo ingeweza kupita bila kuonekana kama dawa ingepimwa kwa ramani ya jenomu moja tu. Watu wa asili ya Afrika hawafiki asilimia 3 ya washiriki wote wa tafiti za jenomu duniani. Ni kusema kwamba mtoto wa Migori mwenye kasoro ya kweli adimu, ya kumpata mmoja kati ya milioni kama ya KJ, hata akipimwa jenomu yake yote anaweza kuambiwa matokeo hayasomeki, kwa kuwa hakuna watu wake wa kutosha kwenye ramani ya kulinganishia.

Kuna watakaosema deni la namna hii halilipiki, kwamba dawa za bei hiyo hazitafika ziwani kamwe. Homa Bay yenyewe inawakatalia. Mwaka 2001, wakati wataalamu wengi walipokuwa wakisema Waafrika hawataweza dawa za UKIMWI, hospitali ya wilaya ya Homa Bay ilianza kutoa ARV bila malipo kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kufanya hivyo. Muda mfupi kabla, matibabu ya mwaka mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000. Mwaka huo huo Cipla ya India ikaahidi kuyauza kwa dola 350. Leo hayafiki dola 100. Na tarehe 13 Septemba 2019, Kenya ilipoanza kuwachanja watoto dhidi ya malaria, uzinduzi ulifanyika Ndhiwa. Chanjo hiyo, RTS,S, ilikuwa imejaribiwa kwa watoto wa Siaya, Kombewa na Kilifi miongoni mwa wengine. Safari hii wenye kutoa damu walihesabiwa kuwa wa kwanza kunufaika.

Lakini hoja ya Oruka ina upande wa pili, nao hauielekei Boston. Kiwango cha chini kinaanzia nyumbani, na kwa selimundu kiwango hicho hakihitaji CRISPR. Mtoto akiwa na siku chache, muuguzi humdunga kisiginoni, anakamua matone machache ya damu kwenye karatasi maalumu yenye duara, anaiacha ikauke kivulini, na kuituma maabara. Akikutwa na ugonjwa, anapewa penisilini kila siku hadi miaka mitano, chanjo, dawa ya kinga ya malaria, na baadaye haidroksiyurea. Hii ya mwisho ilianza kama dawa ya saratani na huamsha ile himoglobini ya tumboni, jambo lile lile linalofanywa na Casgevy, ila kwa kidonge. Utafiti uliowahusisha watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa Desemba 2018, ulionyesha kwamba kwa dawa hiyo maumivu yalipungua, malaria ikapungua, haja ya kuongezwa damu ikapungua, na vifo pia. Kwa kuwa kapsuli nyingi zinazopatikana zina miligramu 500, kipimo cha mtu mzima, mama wa mtoto mdogo huifungua juu ya kikombe, huchanganya unga wake na maji yaliyopimwa, kisha huvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano kiasi alichoambiwa na daktari. Anafanya hivyo kila siku, kwa miaka, na kila dawa zinapokwisha kliniki hujinunulia.

Kwa nini zinakwisha? Hapo hakuna kampuni ya kigeni ya kulaumiwa. Ni bajeti za kaunti mbili ambazo bado zinauona ugonjwa huu kuwa shughuli ya wafadhili. Ni bima ya kitaifa, SHA, iliyorithi kazi za NHIF mwezi Oktoba 2024, ambayo mzazi wa mtoto wa selimundu anahitaji ilipie kliniki za kila mwezi na siyo siku ya kulazwa tu. Serikali isiyompa mtoto penisilini haina uso wa kudai Casgevy kwa niaba yake.

Basi kazi iko kwa wengi. Magavana na wawakilishi wadi wa Homa Bay na Migori wanapaswa kutenga pesa za kumpima kila mtoto anayezaliwa katika kaunti zao na kuhakikisha haidroksiyurea haikosekani kwenye dawakhana za serikali. Wizara ya Afya na taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, wanapojadiliana na kampuni zinazotafuta damu ya watu wa ziwa kwa utafiti wa jeni, waandike kwenye mkataba, kabla sampuli ya kwanza haijaondoka, dawa itauzwa huku kwa bei gani na lini. Mapadri, wachungaji, maimamu na viongozi wa Legio Maria wazungumze madhabahuni na mimbarini kuhusu jeni mbili na uwezekano wa robo, na wawaambie wanaotaka kuoana waende kupimwa kwanza, bila vitisho wala aibu. Nawe msomaji, ukiwa na mtoto ambaye mikono na miguu yake huvimba, au macho yake ni ya manjano, usisubiri kuambiwa ni nani aliyevunja mwiko. Mpeleke hospitali ya rufaa iliyo karibu, Homa Bay au Migori, umwambie muuguzi unataka kipimo cha selimundu, na usiondoke hapo hadi jina la mtoto wako liandikwe kwenye daftari.